Epoksi ya tangi la samaki la plaiwudi: inaziba kweli, mradi uipime kwa mizani

Kati ya vitu vinavyopakwa ndani ya tangi kubwa la plaiwudi ili maji yasipenye, epoksi ya sehemu mbili (resini, na hadina inayoigandisha) isiyo na kiyeyusho ndiyo tunayoiweka mbele. Mfano wetu ni tangi la urefu wa sentimita 240, upana 90 na kina 75, yaani lita 1,620, la plaiwudi ya marini (iliyobandikwa kwa gundi isiyoachia majini) ya milimita 18.

Tuanze na kiasi, maana hapo wengi hubana. Ukiondoa uwazi wa kioo, ndani kuna karibu mita 6 za mraba. Lita moja ikipakwa kwa unene wa milimita 0.25 hufunika mita 4 za mraba. Unene wa jumla usipungue milimita 0.5, kwa hiyo ni lita 3, na moja zaidi ya kulowesha fibaglasi na ile inayobaki kwenye rola. Nunua 4.

Kuchanganya ndiko kunakoamua kazi yote. Aliyezoea resini ya poliesta hudhani kuongeza hadina kunaharakisha kukauka. Kwenye epoksi sivyo kabisa: hadina iliyozidi hukosa resini ya kuungana nayo, na rangi hubaki laini, inanata, wiki baada ya wiki. Dawa yake ni kukwangua yote. Angalia pia kama uwiano ulioandikwa kwenye kopo ni wa ujazo au wa uzito. 2 kwa 1 kwa ujazo si 2 kwa 1 kwenye mizani, kwa kuwa resini ni nzito kuliko hadina. Koroga, hamishia kwenye chombo kingine kisafi, ukoroge tena, kwa sababu pembeni mwa chombo cha kwanza hubaki resini isiyochanganyika. Kisha imwage mara moja kwenye trei pana. Ikikaa kikombeni hujipasha moto yenyewe na kuganda ukiwa bado umeshika rola.

Vitundu vidogo kama vya sindano hutokana na hewa iliyomo kwenye mbao, ambayo hutanuka joto likipanda. Paka jioni, joto linaposhuka. Safu ya kwanza iwe nyembamba ili inywewe na mbao. Ya pili ifuate ya kwanza ikiwa bado inanata bila kuchafua kidole. Ukichelewa hadi ikakauka, ioshe kwa maji na kisuguo kwanza, ndipo upige msasa namba 80. Juu yake huweza kujitokeza utando wa mafuta, hasa penye unyevunyevu, na msasa peke yake huusukumia ndani ya mikwaruzo.

Udhaifu wa epoksi ni ugumu wake: mbao ikipinda, yenyewe hupasuka. Na maji yana nguvu. Upande wa mbele wa tangi hili likijaa husukumwa kwa takriban kilo 675. Kwa hiyo pembe zote za ndani zijazwe epoksi nzito hadi ziwe za mviringo, juu yake upite utepe wa fibaglasi wa sentimita 10, na ukingo wa juu ufungwe kwa fremu imara. Mpira wa kupaka hunyumbuka vizuri zaidi na huvuka nyufa ndogo, hilo tunalikubali. Lakini silikoni haishiki vizuri juu ya aina nyingi za mpira huo, hasa za poliurethani, na kioo kinategemea silikoni. Ndiyo maana epoksi inashinda.

Kioo cha milimita 19 kiwekwe kwa ndani, ili maji yenyewe yakikandamize kwenye fremu. Tumia silikoni isiyo na dawa ya kuvu, juu ya epoksi iliyokauka siku 7 na kupigwa msasa. Usiibane yote itoke. Acha unene wa milimita 3.

Jaza maji robo kila siku, ukikagua nje kwa tochi. Unyevu ukionekana penye kichwa cha skrubu, toa maji siku hiyo hiyo: plaiwudi iliyolowa huchukua muda mrefu kukauka, na kiraka cha epoksi juu ya mbao mbichi hakishiki.