Murabaha kwenye dirisha la benki ya Kiislamu: uadilifu wake unatoka wapi?

Huduma ninayoipitia hapa ni ununuzi wa vitendea kazi kwa njia ya murabaha, unaotolewa na dirisha la Kiislamu, yaani kitengo kinachofuata sharia ya Kiislamu, la benki moja ya kibiashara jijini Dar es Salaam. Benki siitaji kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zinaweza kumpata mteja wa benki yoyote yenye dirisha la namna hiyo. Nilichonunua ni cherehani ya umeme na ovaloki kwa ajili ya karakana ya kushona sare za shule. Nilikwenda pale kwa sababu mbili. Mimi ni Mwislamu na sipendi kulipa riba. Aidha, nilitaka kuona kwa macho yangu kama ni kweli, kama wanavyodai wanaoinadi huduma hii misikitini na redioni, kwamba mkopeshaji anayefuata dini humtendea mteja haki kuliko asiyeifuata.

Soko lenyewe si geni tena. Nchini Kenya, Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi mwaka 2008, na Tanzania ikapata benki yake ya kwanza inayofuata sharia kikamilifu, Amana Bank, mwaka 2011. Benki kubwa za kawaida nazo zimefungua madirisha yao, na anayesimama kwenye foleni ya dirisha hilo huwakuta humo wateja wasiokuwa Waislamu. Mama mmoja Mkristo mwenye mgahawa, aliyekuwa akifuatilia ununuzi wa jokofu, alinieleza sababu yake kwa maneno machache: "Kaka yangu, mimi nataka nijue mwisho wa deni langu." Hoja hiyo haina dini ndani yake, na bado ni sifa halisi ya huduma.

Kwa asiyeifahamu, murabaha huendeshwa hivi. Mteja huleta ankara kifani kutoka kwa muuzaji, benki hukinunua kifaa kile kwa fedha zake, hukimiliki hata kama ni kwa muda mfupi, kisha humuuzia mteja kwa bei ya ununuzi pamoja na faida iliyotajwa waziwazi, nayo hulipwa kwa awamu. Bei ikishaandikwa haipandi. Benki kuu ikipandisha riba yake, au mteja akachelewa, jumla ya deni hubaki ile ile. Uhalali wa muamala mzima umeegemea zile saa chache ambazo kifaa ni mali ya benki, kwa sababu katika muda huo kikiungua au kikiibiwa hasara ni ya benki, na hatari hiyo ndiyo inayoifanya faida yake kuwa faida ya mfanyabiashara badala ya malipo ya kukodisha fedha.

Na hapo ndipo nilipokuta kasoro ya kwanza. Ofisa alinipa fungu zima la karatasi kwa mkupuo mmoja: ahadi yangu ya kununua, hati ya kunifanya wakala wa benki ili nikavichukue vyombo dukani kwa niaba yake, hati ya makabidhiano, na mkataba wa mauzo wenyewe. Zote zilikuwa na nafasi ya tarehe iliyoachwa wazi. "Saini zote leo, kaka, usisumbuke kurudi," aliniambia kwa upole, na sina shaka kwamba alinuia kunisaidia. Lakini mkataba wa mauzo unaotiwa saini kabla muuzaji hajakimiliki kitu ni mauzo ya kitu ambacho si chake, jambo ambalo fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inalikataza. Nilipomweleza kwamba nitautia saini baada ya vyombo kutoka dukani hakubisha. Alitabasamu, akaitoa karatasi ile katika fungu, akaiweka pembeni. Ninampa sifa kwa hilo. Bodi ya sharia, yaani wanazuoni wanaoisimamia huduma hii kidini, ambayo majina ya wajumbe wake yamebandikwa kwenye fremu nyuma ya kiti chake, haikuwapo mezani kuniuliza tarehe.

Kasoro ya pili ni ya hesabu, nayo ni kubwa zaidi, kwa kuwa wateja wengi hawaioni. Tuchukue mfano wa kifaa cha shilingi 1,000,000 kinachouzwa kwa faida ya asilimia 18 na kulipwa kwa miezi 12. Mteja atalipa jumla ya shilingi 1,180,000, yaani kama shilingi 98,333 kila mwezi. Kwenye dirisha la pili la benki hiyo hiyo, lile la mikopo ya kawaida ya riba, bango linaweza kusomeka asilimia 20 kwa mwaka, na mteja akaondoka akiamini kwamba dini imempunguzia asilimia mbili. Sivyo. Riba ya dirisha la pili hutozwa juu ya salio linalopungua kila mwezi, hivyo mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa asilimia 20 humaliza mwaka kwa gharama ya takriban shilingi 112,000, wakati faida ya murabaha ni shilingi 180,000 kamili. Ile asilimia 18, ikipimwa kwa kipimo cha salio linalopungua, ni karibu asilimia 32. Hakuna uongo uliosemwa, maana jumla imeandikwa kwenye mkataba na kila mtu anaweza kuisoma. Lakini mfano wa kulinganisha haupo popote, na ofisa hautaji mpaka aulizwe. Mteja anayeamini kwamba mahali pale ni pa wachamungu ndiye anayekuwa mzito zaidi wa kuuliza. Hilo ndilo jambo lililonifikirisha kuliko yote katika huduma hii: imani ya mteja inaweza kugeuka faida ya mkopeshaji bila yeyote kati yao kuwa mtu mbaya.

Mikataba yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya Kiarabu yamepachikwa humo bila ufafanuzi. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qurani, inahusu deni. Inaagiza deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na mwenye kudaiwa ndiye atakayetaja cha kuandikwa. Inasemwa hayo kwa watu ambao tayari wameamini. Sikuona katika aya hiyo ishara yoyote kwamba uchamungu wa mkopeshaji unatosha kuwa dhamana. Ninachokiona ni karatasi, kalamu na watu wa kushuhudia. Huduma inayojinadi kwa Kitabu hicho ingepaswa kuwa ya kwanza nchini kumpa fundi cherehani wa Buguruni mkataba anaoweza kuusoma mwenyewe mpaka mwisho.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yanawapa nguvu wanaoamini kuwa dini haina kazi katika maendeleo ya watu. Historia ya benki hizi haiwaungi mkono moja kwa moja wao, wala wapinzani wao. Benki ya akiba ya Mit Ghamr, iliyoanzishwa katika mji mdogo wa Misri mwaka 1963 na mchumi Ahmad El-Najjar, ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa benki za Kiislamu za zama zetu. El-Najjar alikuwa amesoma Ujerumani, akavutiwa na benki za akiba za miji ya huko, akauchukua muundo wao akauweka kwa wakulima wasiotaka kugusa riba. Jina la Uislamu hakulitundika mlangoni, kwa kuwa serikali ya Rais Nasser wa Misri isingelipenda. Chombo kilichojengwa kwa maarifa ya Wajerumani kikawavuta wakulima kwa sababu ya dini yao, na nadhani kisingesimama kama mojawapo ya hayo mawili lingekosekana. Kwa upande wa Ukristo, watawa Wafransisko walifungua nyumba ya rehani kwa ajili ya maskini mjini Perugia mwaka 1462 ili kuwaokoa na wakopeshaji wakali, kisha wanateolojia wakabishana miaka mingi kama ada ndogo iliyotozwa humo ilikuwa riba au haikuwa. Mabishano hayo tunayo hata leo: mwaka 2009 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu liliikataa tawaruki iliyopangwa, yaani ule mzunguko wa kununua na kuuza bidhaa ambazo mteja hana haja nazo ili mwishowe apate fedha taslimu, ilhali benki za Malaysia zinaendelea kuitumia kwa idhini ya wanazuoni wao.

Kipimo kizuri zaidi kwetu kiko mitaani, hakihitaji kwenda Misri wala Italia. Kikundi cha vicoba hukutana kwa wiki, wanachama wake wakiwa Waislamu, Wakristo na wengine wasiohudhuria ibada yoyote, na fedha zao hukaa katika kisanduku chenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na anayechelewa kikao hutozwa faini hapo hapo. Hakuna mwanazuoni aliyewatungia mpango huo. Unafanya kazi kwa sababu kila mmoja anamwona mwenzake, na kwa sababu aliyeutunga alikubali tangu mwanzo kwamba hata mcha Mungu huweza kushawishika akiachiwa ufunguo peke yake. Kinyume chake ni mikopo ya kausha damu, ambayo wanaoitoa humbebea mama godoro na televisheni kwa deni lililoongezeka juu ya deni. Miongoni mwa wakopeshaji hao wamo wanaoswali swala tano na wamo wanaokaa viti vya mbele kanisani. Anayeshikilia kwamba maadili hayapatikani nje ya dini ana kazi ya kulieleza lile sanduku, na anayesema dini ikifuatwa maadili hufuata ana kazi ya kulieleza godoro.

Hata hivyo, dirisha hili lina mambo ambayo sikuyapata kwenye sanduku wala kwenye benki ya kawaida, na nayataja kwa furaha. La kwanza ni kwamba fedha haitoki bila kitu. Ofisa aliniuliza nanunua nini, dukani kwa nani, nitakitumia kwa kazi gani. Mtu anayetaka kukopa ili akacheze kamari au afungue baa hapati kitu pale, hata awe na dhamana ya nyumba mbili. Benki ya kawaida huuliza kama utaweza kulipa, na kwa kiasi kikubwa huishia hapo. Swali la pale linatokana na dini, na sioni ni mkurugenzi gani wa kawaida angejitwisha kulikataa pato la kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira kama asingekuwa amefungwa na jambo lililo juu ya hesabu za mwaka.

La pili ni adhabu ya kuchelewa. Mkataba unasema kwamba ada hiyo haiingii katika mapato ya benki, bali hupelekwa kwenye sadaka, ili mkopeshaji asipate sababu ya kuombea mteja wake akwame. Ni wazo zuri mno, na sikumbuki kuliona kwenye mkataba wa mkopo wa kawaida. Nilipouliza sadaka hizo za mwaka uliopita zilikwenda wapi na zilikuwa kiasi gani, nikaelekezwa makao makuu, na makao makuu hawakunijibu.

Kuhusu kumaliza deni mapema, benki inaweza kumsamehe mteja sehemu ya faida iliyobaki, lakini si haki yake. Ni hisani ya benki, kwa hoja kwamba bei ilishakubaliwa. Malaysia walikuwa na utaratibu huo huo mpaka benki kuu yao ilipolazimisha msamaha huo uandikwe ndani ya mikataba pamoja na namna ya kuukokotoa. Huruma ilikuwa imefundishwa na dini siku zote. Mteja alianza kuitegemea siku serikali ilipoiwekea fomula.

Kwa huduma yenyewe, wahudumu ni wastaarabu, vyombo vilifika kwa wakati, na marejesho hukatwa kwa simu bila usumbufu. Naipendekeza kwa mtu anayenunua kitu kinachoshikika, mwenye biashara yenye mapato yanayotabirika, na ambaye bei isiyobadilika ina thamani kwake kuliko bei ya chini. Anayehitaji fedha taslimu kwa ada ya shule au matibabu atapewa njia za kuzunguka ambazo wanazuoni wenyewe hawajakubaliana juu yake, na ningemshauri aangalie kwanza saccos ya kazini kwake. Anayekwenda aombe ratiba ya malipo inayoonyesha gharama kwa kipimo cha salio linalopungua, asitie saini mkataba wa mauzo kabla ya risiti ya benki kutoka dukani, na aombe kifungu cha msamaha wa kulipa mapema kiandikwe. Nilipokiomba changu, ofisa alisema hakuna mteja aliyewahi kukiomba, akapiga simu ngazi ya juu, na baada ya mashauriano marefu kikaongezwa kwa mkono pembeni mwa ukurasa wa mwisho, kikiwa na mhuri.