Honda, Yamaha, Polaris au Can-Am? Mwongozo wa kununua kwadi itakayodumu

Waulize watu kumi wenye kwadi, ile mashine ya magurudumu manne inayopandwa kama pikipiki, ipi ni bora, utapata majibu kumi na ugomvi juu yake. Mwenye Honda atakwambia injini ya kwake haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Mwenye Polaris atakwambia panda hii dakika tano, kisha tuulize mgongo wako. Mwenye Can-Am hataki maneno mengi, anakuonyesha mlima na kukuuliza nani atatangulia kufika juu. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake, na mnunuzi mgeni anaondoka hajui ashike lipi.

Nimeshika mashine hizi miaka mingi, mpya na zilizotumika, na nimefikia msimamo mmoja: ubishi wa chapa, ukiuchimba hadi chini, ni ubishi wa namna nguvu ya injini inavyofika kwenye magurudumu. Gia za chuma au mkanda wa mpira. Amua hilo kwanza na nusu ya majina yatajiondoa yenyewe.

Mapenzi haya ya chapa yana asili yake. Honda, watu wa pikipiki, ndio waliofungua soko mwaka 1970 kwa US90, mashine ya magurudumu matatu yenye matairi manene kama maputo, ambayo baadaye iliitwa ATC90. Suzuki wakaleta ya magurudumu manne, QuadRunner LT125, mwaka 1982. Zile za matatu zilikuwa zinapinduka na kuua, na mwaka 1988 makampuni yalikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza. Katikati ya hapo, mwaka 1985, wakaingia Polaris na Trail Boss. Polaris hawakutoka kwenye pikipiki, walitoka kwenye magari ya theluji, ambayo huendeshwa kwa mkanda. Bombardier, ambao kwadi zao leo tunaziita Can-Am, nao walitoka huko huko kwenye theluji. Kwa hiyo Honda wa pikipiki walikuja na gia, Polaris wa theluji wakaja na mkanda, na mpaka leo mashabiki wao wanabishana bila kujua kwamba wanarithi ugomvi wa viwanda viwili.

Jina la ubavuni nalo lisikupumbaze. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Suzuki walitoa QuadSport Z400. Mashine hiyo hiyo Kawasaki wakaiuza kwa jina la KFX400, na Arctic Cat wakaiuza kwa jina la DVX 400. Injini moja, chasisi moja, plastiki za rangi tofauti. Bado walikuwepo watu walioapa kwamba yao ndiyo inayodumu. Hisun wa China nao wanatengeneza mashine zinazouzwa kwa majina kadhaa ya watu wengine.

Sasa tuingie kwenye gia na mkanda, maana hapa ndipo pesa yako ilipo.

Gia ni meno ya chuma yanayozunguka ndani ya oili. Matope hayayafikii, maji hayayatelezeshi. Klachi hujifunga yenyewe injini ikiongeza mzunguko, kwa hiyo huna klachi ya mkono, unabadilisha kwa mguu au kwa kitufe. Hasara yake ni kwamba unafanya kazi zaidi, na kwenye mwinuko wenye mawe, ukikosea gia, unasimama katikati.

Mkanda unakaa kati ya puli mbili zinazobana na kuachia, hivyo huna gia ya kubadilisha, unabonyeza mafuta na kwenda. Ni raha kweli. Lakini sikiliza unavyokufa. Mtu anavuta gogo au tela zito kwa mwendo wa kobe, na wenzo ameuacha kwenye H, ya mwendo wa kasi. Puli inateleza juu ya mpira sehemu moja, mpira unapata moto, harufu inaanza kutoka, na pale palipoteleza panabaki bonde dogo. Kuanzia siku hiyo kwadi inatetemeka kila inapoondoka, kisha siku moja mkanda unakatika mbali na nyumbani. Angeweka L, ya mwendo wa polepole na mizigo, mkanda ule ungeishi miaka. Mikanda mingi ambayo lawama yake hutupiwa kiwanda iliuawa na mkono ulioacha wenzo kwenye H. Maji nayo yakiingia kwenye kasha la mkanda, mkanda unateleza mpaka uyatoe kwa kizibo cha chini.

Haya, orodha yangu. Naipanga kwa kudumu na kwa urahisi wa matengenezo, si kwa mbio.

Ya kwanza ni Honda Rancher 420 au Foreman ya gia za mguu. Injini imekaa kwa urefu wa kwadi, krankshafti, yaani shafti kuu ya injini, inaelekea mbele na nyuma, kwa hiyo nguvu inakwenda moja kwa moja kwenye shafti za magurudumu bila kukata kona kwanza. Sehemu ni chache, na kisichokuwepo hakiharibiki. Zile za kawaida zina ekseli moja ngumu nyuma, na kwenye mashimo utaisikia kiunoni, wala sitakuficha. Zile za kubadilisha gia kwa kitufe zinapendeza, ila zinaongeza mota na sensa kwenye kazi ambayo mguu wako ungeifanya bure, na malalamiko mengi ya wenye Honda niliowasikia yanaanzia hapo. Kama fundi yuko mbali nawe, chukua ya mguu.

Ya pili ni Yamaha Grizzly 700 au ndugu yake Kodiak 700, na kama wewe ni mtu wa safari ndefu kuliko kazi, ipandishe iwe ya kwanza. Ndiyo kwadi ya mkanda ninayoiamini kuliko zote, na sababu inaonekana ukifungua kasha. Kwenye mfumo wao wa Ultramatic mkanda unabaki umekazwa muda wote, hata injini ikiwa inaunguruma tu mahali pamoja. Kazi ya kushika na kuachia inafanywa na klachi ya pembeni. Mkanda hautelezi kila unapoondoka, na hapo ndipo mikanda mingine huliwa. Pia kuna klachi ya upande mmoja inayofanya injini ishike breki unapoteremka, ukiachia mafuta mashine inashuka polepole bila kukimbia. Mwaka 2007 Grizzly 700 ilikuwa kwadi ya kwanza kuja na usukani unaosaidiwa na umeme, na aliyewahi kuendesha siku nzima kwenye mawe anajua hiyo ni neema kwa viganja.

Ya tatu, Suzuki KingQuad. Watu wanaisahau kwa sababu haibadiliki, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. KingQuad 750 imekuwepo tangu 2008 na mifupa yake haijaguswa sana. Fundi aliyejifunza moja anazijua zote, na spea ya ile ya zamani mara nyingi inaingia kwenye mpya. Breki ya nyuma imefungwa ndani ya oili, matope hayaioni.

Ya nne nawaweka wawili pamoja, Polaris Sportsman na Can-Am Outlander, na najua nitakasirisha watu wa pande zote mbili. Sportsman ya mwaka 1996 iliwaonyesha watu kwamba kwadi ya kazi inaweza kuwa na shokapu huru nyuma, kila gurudumu na mkono wake, na mpaka leo ukiwa na maumivu ya mgongo hii ndiyo mashine ya kuijaribu kwanza. Mfumo wake wa magurudumu ya mbele kuanza kuvuta yenyewe pale ya nyuma yanapoteleza ni wa akili sana. Ila mikono mingi maana yake bushi nyingi, vile vipete vya kwenye maungio, na bushi huisha, kwa hiyo anayenunua iliyotumika aanze hapo. Outlander ina injini za Rotax kutoka Austria, na zile za silinda mbili za umbo la V zina nguvu ambayo huwezi kuielezea mpaka ikuvute mabega. Nguvu hiyo lazima ipite kwenye mkanda na kwenye ekseli. Ukiendesha kwa ubabe utabadilisha vyote viwili mapema, na halitakuwa kosa la Can-Am.

Ya tano, CFMoto CForce. Miaka ya nyuma nisingeiandika hapa. Kampuni hii ya Hangzhou, China, iliyoanza 1989, imefanya kazi na KTM, watengenezaji wa pikipiki wa Austria, na inaonekana kwenye namna wanavyomalizia vitu siku hizi. Kwa mnunuzi inakuja na vifaa vingi ambavyo wengine wanaviuza pembeni. Wasiwasi wangu uko kwenye spea: kuna sehemu duniani ambako zipo dukani, na kuna sehemu ambako utasubiri.

Kawasaki Brute Force 750 naiweka ya sita. Ina injini tamu ya V, ila kwa aliyekuja hapa kutafuta kudumu kwa gharama ndogo ya uangalizi, hizo tano zinaitangulia.

Kama unanunua iliyotumika, orodha yote hiyo inaweza kugeuka juu chini. Kwadi yangu ya pili niliichukua kwa jina tu, chapa niliyoipenda tangu ujana. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, saa 212 za injini kwenye dashibodi. Sikufungua kasha la chujio la hewa. Haikupita miezi miwili ikaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Fundi alitoa chujio, akaingiza kidole kwenye mrija unaoelekea kwenye injini, akakitoa kimepakwa vumbi jekundu laini kama poda. Chujio lilikuwa halijakaa vizuri ukingoni, hewa ikawa inapita pembeni na mchanga wake, na silinda ikasagwa taratibu. Nililia na kiwanda bure kwa wiki nzima kabla ya kukubali kwamba kiwanda hakikuhusika.

Kwa hiyo anza na kidole hicho. Mrija ulio nyuma ya chujio uwe msafi kabisa. Ukiona vumbi, ondoka, haijalishi ni Honda au nani. Halafu gusa injini kabla haijawashwa: ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha ili usione inavyowaka ikiwa baridi. Fungua kizibo cha difu, kasha la gia lililo kati ya magurudumu, ya mbele na ya nyuma; oili ikiwa na rangi ya maziwa, basi maji yameingia. Inua kila gurudumu, shika juu na chini ulitikise, ukisikia kugonga ni beringi au boljointi. Angalia mipira inayofunika jointi za ekseli, uliochanika leo ni ekseli ya kununua mwezi ujao.

Na piga hesabu moja ambayo wengi hawaipigi. Gawa kilomita kwa saa za injini. Kwadi yenye kilomita 6,000 na saa 400 imetembea kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, hayo ni matumizi mchanganyiko. Ukipata 6 au 7, ilikuwa inavuta mizigo au inaunguruma imesimama, na injini imechoka kuliko kilomita zinavyosema. Ndiyo maana mtu wa kilomita 900 na mtu wa kilomita 20,000 hawawezi kubishana kuhusu chapa ipi inadumu wakaelewana.

Namba ya chasisi nayo iulizie kwa wakala wa chapa hiyo, kama kuna marekebisho ya kiwanda ambayo hayajafanywa. Mwaka 2016 Polaris waliziita RZR nyingi zirudi kwa sababu ya hatari ya moto. Zile si kwadi za kupanda kama pikipiki, ni za kukaa ubavu kwa ubavu, lakini chapa zote zimewahi kuita mashine zao, na wapo wamiliki ambao hawakuitikia kamwe.

Kabla hujalipa, piga simu kwa muuza spea. Mtajie modeli na mwaka, uliza vitu vitatu: mkanda au klachi, chujio la oili, beringi za mbele. Akikujibu vipo, na fundi wako anaijua mashine hiyo, basi hata ile niliyoiweka ya tano ichukue. Akikwambia vinaagizwa, rudi kwenye Rancher ya gia za mguu.