Kabla hujanunua mausi nyingine isiyo na waya

Mwezi uliopita nilinunua mausi mbili ndani ya wiki mbili, kumbe ya kwanza ilikuwa nzima. Mshale ulikuwa unaganda, mara unaruka hadi pembeni ya kioo, nabonyeza faili halifunguki. Nikabadilisha betri mara tatu. Nikarudi Kariakoo kwa aliyeniuzia, akaipinduapindua mkononi akasema, "Dada, hii imekufa, chukua hii nyingine." Nikatoa hela tena. Nyumbani tatizo likawa lile lile.

Nilikuja kugundua usiku, nikihamishia picha za harusi ya mdogo wangu kwenye hard disk ya nje. Mausi iligoma kabisa. Kazi ilipoisha nikachomoa disk, na papo hapo mshale ukatulia. Nikairudisha, ukaanza tena kuruka. Risiva ya mausi, kile kidude kidogo kama ukucha kinachopokea ishara za mausi, ilikuwa kwenye tundu la USB lililo jirani na la disk.

Wengi tunalaumu waifai au maikrowevu ya jikoni, na ni kweli navyo vinatumia masafa ya redio ya gigahezi 2.4 kama mausi zetu. Lakini anayeumiza zaidi ni USB 3.0, yale matundu ambayo mara nyingi huwa na ulimi wa buluu au alama ya SS. Disk au flashi ya USB 3.0 ikifanya kazi hutoa kelele ya redio inayoangukia masafa hayo hayo. Intel walitoa waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012. Risiva ikikaa sentimita mbili kutoka kwenye kelele, na mausi iko mbali upande wa pili wa meza, risiva inasikia kelele tu.

Kwa hiyo anza na waya wa kurefushia USB. Chomeka risiva mwisho wake, ilaze mezani karibu na mkono wako. Kama kompyuta ina tundu la USB 2.0, risiva ikae huko, disk ikae upande mwingine. Na kama ruta yako ya waifai ina masafa ya gigahezi 5, hamishia waifai ya laptop huko. Wengine mtaishia hapa bila kununua mausi yoyote.

Ukilazimika kununua, mimi ni mtu wa Logitech na sifichi. Namba moja ni Signature M650, kwa sababu ina njia mbili: risiva ya Logi Bolt (aina ya risiva ya Logitech wenyewe) au Bluetooth. Bluetooth nayo ni gigahezi 2.4, ila inahamahama kukwepa masafa yenye kelele, na antena ya laptop mara nyingi imepita pembeni ya kioo, mbali na matundu ya USB. Nikianza kunakili mafaili makubwa nahamia Bluetooth, naendelea na kazi.

Ya pili ni Pebble M350, nayo ina risiva na Bluetooth. Ni bapa, inaingia hata kwenye pochi, ila kwa kazi ya kutwa nzima kiganja kinachoka. Angalia boksi vizuri: Pebble Mouse 2 ni ya Bluetooth, haiji na risiva, na kompyuta ya mezani isiyo na Bluetooth haitaiona mpaka ununue risiva ya Logi Bolt kando.

M185 ni ya tatu, maana inategemea risiva peke yake. Ukiipa ule waya wa kurefushia itakufaa.

Zile za bei ya chini zisizo na jina, nunua kama huna disk wala flashi ya USB 3.0.

Linaloniudhi ni wauzaji. Unapewa boksi lililokwisha kufunguliwa, risiva ni ya mausi nyingine, haziongei, na bidhaa ikitoka dukani hairudishwi. Kwenye M185 fungua sehemu ya betri hapo hapo, risiva inahifadhiwa humo. Kisha omba ijaribiwe kwenye laptop, na flashi ya USB 3.0 ikinakili faili tundu la pembeni. Mimi duka la kwanza niliambiwa laptop ya ofisi si ya majaribio. La pili wakanicheka. La tatu kijana aliipokea flashi yangu, akachomeka, akanisogezea kiti nijaribu mwenyewe mpaka niridhike. M650 yangu nimeichukua kwake.