Nililipa elfu 18 nipangiwe imeili za kuuza kahawa: rivyu yangu baada ya miezi mitatu

Mimi nauza kahawa. Nakaanga mwenyewe hapa Roysambu, buni natoa Kirinyaga na kidogo Nyeri, pakiti ya gramu 250 nauza 750, na wateja wangu wengi ni watu wa ofisi huko Upper Hill na Westlands, wale ukiwapigia simu hawashiki lakini imeili iko wazi mbele yao siku nzima. Mwezi wa tatu nilimlipa dada mmoja ako na kaofisi Ngara shilingi 18,000 anipangie imeili za miezi mitatu na anifunze kuzituma mwenyewe. Miezi imeisha na hesabu nimepiga, ndio maana naandika saa hii na si mapema.

Mjue kwanza nilikuwa nimetoka wapi. Mwaka jana kuna kijana aliniuzia listi ya imeili elfu 10 kwa 3,500, akaniapia ni mameneja wa Nairobi, na mimi kwa vile biashara ilikuwa chini nikaamini. Nikajaribu kutumia wote ofa usiku mmoja nikitumia programu fulani na ile Gmail yangu ya kila siku, asubuhi naamka nakuta nyingi zimerudi, watu wananiuliza kwa hasira nimetoa wapi imeili yao, akaunti imefungwa, na oda hakuna hata moja. Kuna mama alinijibu kwa upole kabisa akanitajia sheria ya kulinda data ya 2019, na alikuwa na haki, hakuwahi kuniambia nimwandikie. Hilo jibu lake lilinikaa sana kuliko hata pesa niliyopoteza.

Sasa huyu dada wa Ngara. Siku ya kwanza nilienda na laptopu nikidhani tunaanza kuandika, yeye akaniuliza, "Pakiti moja ikifika kwa mteja inaisha baada ya siku ngapi?" Nilinyamaza. Miaka minne nauza na sijui! Akatoa kamizani kadogo ka jikoni, tukapima kahawa ya kikombe kimoja, ikatoka gramu 15. Kwa hivyo pakiti ni vikombe 16 hivi. Mtu akinywa kimoja kila asubuhi anamaliza kwa wiki mbili na siku kadhaa, wakiwa wawili kwa nyumba ni siku nane. Akaandika kwa karatasi "siku ya 12" na "siku ya 6" akazungushia duara, akasema hapo ndipo imeili yako inaingia, kabla hajapita supermarket kuchukua ya kopo. Kusema ukweli hiyo nusu saa peke yake ningelipia.

Baadaye ikaja kazi yenye iliniumiza roho. Nilikuwa na majina kama 340, mengine kwa kitabu cha delivari, mengine nimetoa kwa meseji za M-Pesa, akakataa kugusa hata moja mpaka niwaulize wote kwa WhatsApp kama wanataka niwaandikie. Nikauliza mmoja mmoja. Waliokubali na kunipa imeili ni 163. Nikamwambia dada, hii si nusu imeenda? Akaniambia hao wengine hawakuwa wako. Hakuna siku nimejuta, manake hao 163 wananijibu kama watu tunaojuana.

Upande wa mitambo nitaupitia haraka. Alinitoa kwa Gmail ya kawaida akaninunulia domeni ya .co.ke, yaani jina langu mwenyewe la mtandao lenye linakaa kwa anwani ya imeili (pesa yake unalipa kando, ulizeni mapema), halafu akaweka zile rekodi tatu, SPF, DKIM na DMARC, zenye zinathibitisha kwamba imeili imetoka kwako kweli na si mtu anajifanya wewe. Tangu mwezi wa pili 2024 Gmail na Yahoo wamekaza hapo, na kama wewe unatuma zaidi ya 5,000 kwa siku kuna masharti zaidi, lazima kuwe na njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja na wanaokulalamikia kuwa ni spamu wasifike watatu kwa kila elfu moja. Sisi wadogo hatufiki huko lakini aliniwekea kila kitu sawa na mkubwa, na pale chini kuna "Nitoe kwa listi" kwa Kiswahili. Wamejitoa watu saba. Sawa tu.

Kalenda nayo nimeipenda vibaya. Alichukua ile ya ukutani nilipewa na mtu wa magunia, akapaka rangi tarehe 25 mpaka 5 ya kila mwezi, hapo mshahara umeingia, hapo ndio unaomba oda. Katikati ya mwezi huuzi kitu, unamweleza mtu jinsi ya kuhifadhi kahawa isipoteze harufu ama mavuno yamefika wapi Kirinyaga. Mwezi wa tano shule zikifunguliwa tukapiga msalaba wiki nzima, mzazi amebeba fee na sanduku la shule, wewe unamwandikia habari ya kahawa ya nini? Njaanuari nayo amenifutia kabisa mpaka tarehe 27.

Na maneno. Mimi nilikuwa nimeandika ile Kiingereza ya barua ya benki, mteja wetu mheshimiwa sijui nini. Akanisomea kwa sauti nikasikia vibaya mwenyewe. Imeili ya kukumbusha tukaiandika hivi: "Habari ya asubuhi. Pakiti yako nadhani imefika chini. Leo jioni nakaanga, nikuwekee moja?" Basi, imeisha. Na kwa mtu amekaa miezi miwili bila kununua, kichwa kinasema "Umepotea sana". Hiyo ndiyo imeniletea majibu mengi kuliko zote, watu wananieleza walihama, walijifungua, daktari amewakataza kahawa, na wengine wanaagiza hapo hapo. Chini ya kila imeili kuna linki moja tu, ukibonyeza inakufungulia WhatsApp yangu ujumbe ukiwa umeshaandikwa "Nataka pakiti, MVUA", unatuma, nakupa namba ya till, mtu wa boda anatoka. Hilo neno MVUA ndilo lilikuwa linanionyesha oda imetoka kwa imeili. Alinikataza kuhesabu waliofungua, anasema tangu 2021 simu za Apple zinaweza kuonyesha imeili imefunguliwa hata kama mwenyewe hajaiangalia, hesabu oda.

Basi tuhesabu. Miezi mitatu kabla, hao watu 163 walininunulia pakiti 81. Miezi mitatu ya imeili, 137. Zimeongezeka 56, na kila pakiti inaniachia kama 280 nikitoa gharama, kwa hivyo nimepata 15,680. Elfu 18 haijarudi yote, imebaki 2,320 na domeni. Nasema hivyo kwa sababu kuna mahali mtasikia ati pesa inarudi wiki ya kwanza, kwangu haikuwa hivyo. Lakini zile imeili sasa zinajituma zenyewe siku ya 6 na ya 12 na silipi mtu tena, na mwezi huu, wa nne tangu nianze kutuma, nikiendelea hivi nitakuwa nimevuka.

Mahali sijaridhika: alichelewa. Imeili ya kwanza ilikuwa itoke tarehe 25 mwezi wa tatu ikatoka tarehe 2, nikakosa karibu mshahara wote huo, na simu alikuwa anashika jioni tu. Pia picha za mwanzo zilikuwa nzito, mteja mmoja wa Kitengela akaniambia bando yake inaisha akingoja picha ya gunia ifunguke, tukabaki na picha moja ndogo. Na angeniandikia hizo hatua zote mahali, mimi nilichukua noti kwa daftari la delivari na nyingine sizioni vizuri.

Kama unauza sofa ama kitu mtu ananunua mara moja, sijui kama ningekutuma kwake kwa huu mpango. Na kama wateja wako ni wa Gikomba na wanaishi kwa WhatsApp, baki WhatsApp. Lakini vitu vya kuisha, sabuni, mafuta ya nywele, chakula cha mbwa, asali, nenda, na uende na mizani yako. Nampa nyota nne, ya tano ameikosa kwa ile tarehe 25.

Wanaoniuliza namba yake, wacha nimwulize kwanza kama niwape. Mimi saa hii naandika ya mwezi wa saba, neno lake jipya ni BARIDI.