Tochi ya kempingi na ya nyumbani, mi ningezipanga hivi

Kabla hujatoa hela achana kwanza na ile namba kubwa ya lumeni kwenye boksi. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka, basi, haikwambii unafika wapi wala unadumu muda gani, na tochi ndogo ya mfukoni inayojitangaza lumeni 100,000 ni uongo mtupu, kwa ukubwa ule ingekuunguza mkono. Ndani ya hema lumeni 5 mpaka 20 zinatosha kabisa, kutembea njiani usiku 100 hivi, ukisikia kitu kinachakarisha vichakani huko ndo utataka 500 kwenda juu. Kwa hiyo mi kitu cha kwanza naangalia modi ya chini. Tochi isiyojua kupunguza mwanga, ukiamka usiku kutafuta maji unaamsha kambi nzima halafu na wewe mwenyewe ukiizima huoni kitu.

Namba moja kwangu ni ile ya betri moja ya 18650 inayotoka, yenye tundu la chaji la USB-C. Hiyo 18650 ni saizi tu, upana milimita 18 na urefu 65, betri ya lithiamu. Ikiisha unachomoa unaweka nyingine, ikizeeka unabadilisha betri sio tochi. Ila hapa ndo watu wanapigwa sana: 18650 nzuri ina mAh (kipimo cha chaji inayobeba) 3000 mpaka 3500 hivi, ukiona imeandikwa 9900 rudisha palepale, hakuna kitu kama hicho. Na ya akiba weka kwenye kikasha cha plastiki, usiitupe mfukoni na funguo, lithiamu ikipiga shoti si mchezo.

Ya pili ni ya betri za AA, zile za rimoti, na kwa mtu anayetaka ya kukaa nyumbani tu umeme ukikatika sibishani naye akiiweka ya kwanza, maana betri zake zipo kila mahali. Shida yake, zile za alkalaini, za kutumia mara moja, ukizisahau humo zinavuja, zinaota unga mweupe na kula springi, siku ya giza unabonyeza swichi wapi. Zitoe uziweke pembeni, au tumia za kuchaji.

Ya tatu, zenye betri ya ndani isiyotoka. Nyepesi, lakini betri ikifa tochi nayo imekufa.

Ya nne ni yale matochi makubwa ya kuchomeka ukutani, mengi ndani yana betri ya asidi kama ya gari, ukiliacha kabatini miezi kadhaa halina chaji ndo basi tena.

Mwisho kabisa zile za kuvuta kichwa zumu. Zinafurahisha dukani, ila nyingi zinaingiza maji pale panapovutwa, na ukivuta mwanga unabaki kiduara, pembeni giza totoro.

Boksini ukikuta alama ya ANSI FL1 angalau wamepima kwa kipimo kinachojulikana, ila ujue masaa yao yanahesabiwa mpaka mwanga ushuke ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo, na umbali mpaka ubaki laksi 0.25, yaani kama mbalamwezi, kwa hiyo mita 200 zao we hesabu nusu. Maji: IPX4 inavumilia mvua, IPX7 inazama mita 1 dakika 30. Rangi ya mwanga chagua kati ya 4000 na 5000 Kelvin, ule mweupe wa kibuluu unafanya nyoka na majani makavu vifanane.

Na ukiiweka kwenye begi legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko, tochi nyingi zinakata umeme hapo. Yangu iliwahi kujiwasha humo ndani, nafika kambini jioni begi lina joto na betri imekwisha, nikasimika hema kwa mwanga wa simu.