Kabla Hujalipia CNC Ndogo ya Mezani

Haya, karibuni karakanani. Leo tunazichambua zile CNC ndogo, yaani mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, zinazouzwa kwa jina la "tayari kwa kazi": toa sandukuni, chomeka stima, anza kukata. Wengi mnauliza ipi ina meza kubwa. Mimi nauliza kwanza, utakata nini? Kwenye picha zinafanana zote, kwenye kazi hazifanani hata kidogo.

Kama ni mbao, plastiki, vibao vya majina na bodi za saketi, 3018 yakutosha. Jina ni eneo lake la kazi, takriban milimita 300 kwa 180. Fremu ni profaili za aluminiamu, spindo (kinachozungusha kisu) ni mota ya 775 ya volti 24, koleti (kishikio cha kisu) ni ER11. Aluminiamu itakata, sikatai, lakini kwa kubembelezwa: kisu cha milimita 3.175 chenye jino moja, mizunguko 10,000, mwendo wa milimita 200 kwa dakika, na kina cha milimita 0.1 hadi 0.2 kila pito. Chuma usijaribu.

Halafu kuna 6040, yenye spindo ya kupozwa kwa maji inayofika mizunguko 24,000. Watu huiona kubwa wakadhani ni ya chuma. Sivyo. Endimili (kisu cha kuchonga) ya chuma kigumu cha HSS ya milimita 6 kwenye chuma laini inataka mizunguko kama 1,300 tu, na spindo ya aina hii ukiishusha hadi huko haina nguvu tena. Kwa mbao na aluminiamu ya bapa ni nzuri sana. Mtu wa vibao vya matangazo achukue hiyo, asihangaike.

Anayetaka kuchonga vipuri vya chuma, gia ndogo, bracketi za boti, aende kwenye mashine zenye mnara nyuma na meza inayotembea. Sherline 5400 ya CNC ni ndogo, spindo haizidi mizunguko 2,800, na mota yake inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo stima yetu haiisumbui. Tormach PCNC 440 ina mwendo wa takriban milimita 254 kwa 159 kwa 254 na spindo ya mizunguko 10,000, lakini inataka volti 115. Hapa Mombasa ni 240, kwa hiyo bajeti ya transfoma iingie kwenye hesabu. Nyingine ni zile za chuma cha kutupwa (kilichomiminwa kwenye kalibu) za ukubwa wa Sieg X2 na X3, zilizofungwa mota za CNC tayari. Ningekuwa nachagua moja kwa mtu wa aluminiamu na chuma, ningechukua ya kutupwa yenye boli skrubu (skrubu ambayo nati yake hubingirika kwa gololi), hata kama meza ni fupi. Uzito ndio unaozuia kutetemeka.

Sasa muuzaji atakwambia usahihi ni milimita 0.01. Hiyo ni namba ya kompyuta, si ya chuma. Mwombe video ya vipimo vitatu. Cha kwanza: geji ya dayali (kipimo cha mshale) imegusa spindo, aisukume spindo kwa mkono bila kukaza. Mshale ukienda milimita 0.2, basi kisu nacho kitakimbia hivyo hivyo ndani ya kazi. Cha pili: meza isogee milimita 10 kisha irudi kwenye sifuri. Geji isiporudi pale pale, hiyo ni pleyi, yaani ulegevu, ya skrubu inayosogeza meza. Cha tatu, kipenzi changu, akate duara la milimita 30 kisha alipime kwa kalipa upande wa X (kushoto-kulia) na wa Y (mbele-nyuma). Vipimo vikitofautiana, au ukiona sehemu bapa pale duara linapogeuka, pleyi iko. Skrubu za kawaida za T8 huwa nayo. Unaweza kuipunguza kwa nati yenye springi, lakini kuimaliza ni kazi nyingine.

Kidhibiti nacho kiulize vizuri. Mashine nyingi za bei rahisi huja na Mach3, programu ya kuendesha mashine, na waya wa parallel port, ile bandari ya printa za zamani. Mach3 haiendeshi bandari hiyo kwenye Windows ya biti 64, kwa hiyo "tayari kwa kazi" inageuka kuwa safari ya kutafuta kompyuta kuukuu. Tafuta ya USB au yenye skrini yake. Kwa kutengeneza njia za kisu, FreeCAD ni bure kabisa. Fusion pia ina leseni ya bure ya binafsi, ila G0, amri ya mwendo wa haraka kisu kikiwa hewani, imeondolewa, na kazi ndefu huuhisi.

Swichi za mwisho, zinazoijulisha mashine imefika ukingoni, kwenye mihimili yote mitatu (X, Y na Z ya juu-chini) ni lazima. Stima ikikatika katikati ya kazi, mashine husahau ilipo. Ikirudi, usibonyeze kuendelea. Inua Z kwa mkono, ipeleke mashine kwenye swichi zake, ndipo uanze upya. Kwenye GRBL, programu ya ndani ya vidhibiti vingi vidogo, sifuri ya kazi uliyoweka kwa amri ya G54 hubaki kwenye kumbukumbu, ile ya amri ya G92 hupotea. Bila swichi, hata G54 haina maana.

Vipande vya aluminiamu vya mafundi wa madirisha ni rahisi kupata, ila ni laini na hung'ang'ania kisu. Tumia jino moja au mawili, puliza maranda yasikatwe mara mbili, na tia matone machache ya mafuta ya taa. Matone tu, yanawaka.

Na hii chumvi ya baharini. Meza ya chuma cha kutupwa hufika imepakwa grisi ya kuzuia kutu. Usiioshe mpaka uwe na mafuta ya reli mkononi, ya unene wa VG 68. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, paka papo hapo. Ukiiosha jioni ukaiacha kavu, asubuhi utakuta wekundu. Reli nazo zifute na kuzipaka kila ukimaliza kazi, na mashine ifunikwe. Jiliwa ya milimita 75, koleti na visu vya akiba viwe ndani ya bajeti tangu mwanzo, maana mashine bila hivyo haikati kitu. Ushuru na VAT ya asilimia 16 uulize kwa wakala wa forodha kabla sanduku halijafika Kilindini.