Piano ya kusimama au ya kulala: ipi iingie nyumbani?

Ya kusimama ina waya zilizosimama wima, ya kulala zimelala. Zote mbili kwa kawaida zina vibao 88 vya kubonyeza na upana wa karibu mita 1.5. Tofauti kubwa iko kwenye nyundo. Katika piano ya kulala, nyundo huruka juu kupiga waya, kisha huanguka kwa uzito wake. Pia kuna wenzo, uliobuniwa na Sébastien Érard, mtengenezaji piano Mfaransa, na kupewa hataza mwaka 1821, unaokuruhusu kurudia noti kabla kibao hakijapanda chote. Katika ya kusimama, nyundo hupiga waya kwa mbele na husaidiwa na springi kurudi, hivyo lazima uachie kibao kipande juu zaidi kabla ya kurudia noti. Ukiwa dukani, gonga noti moja harakaharaka kwa sauti ya chini kabisa. Noti zitakazokosa kulia utazigundua mwenyewe.

Wengi huamini ya kulala ina sauti bora daima. Si kweli! Besi inahitaji waya ndefu, na piano ya kusimama yenye kimo cha sentimita 130 inaweza kuishinda ya kulala fupi ya sentimita 150, ambayo ni ghali zaidi na hula nusu ya sebule. Kwa nyumba nyingi mimi ningechukua hiyo ndefu ya kusimama bila kusita. Ya kulala nunua kama mpigaji ameshafika kwenye muziki wa kasi na nafasi ipo.

Ikiwa piano imeshatumika, kwanza mlete fundi apime vigingi vya kukazia waya. Vikilegea, haitashika tyuni, yaani noti hazitabaki na sauti sahihi.